Kilima Kisichokuwepo Jilore

Mwaka wa pili wa shahada yangu ya uzamili, chuo kilinitaka nitafute mahali pa kufanyia mafunzo ya kazini. Nilituma maombi Nairobi, nikatuma Mombasa, na mwisho aliyenijibu alikuwa karibu kuliko wote: maabara ya utafiti ya serikali, hapa hapa Kilifi. Nilifurahi kwa sababu sikulazimika kuhama chumba changu nyuma ya hospitali, na kwa sababu maabara ile ilikuwa na kompyuta zenye nguvu ambazo chuoni kwetu tulikuwa tukizisoma vitabuni tu.

Kompyuta zenyewe zilikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, kilichopozwa mchana na usiku ili zisichemke. Mimi nilikuwa nikienda kazini na sweta katika joto la Machi, na watu njiani walinitazama wakidhani ninaumwa. Tulichukuliwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa kijana wa Lamu, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka, anayesali kwa wakati na kurudi kwenye kiti chake bila kupoteza uzi wa alichokuwa akifanya. Aliyetusimamia alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kaloleni, mtaalamu wa mambo ya mito. Sisi tulimwita Daktari, na sikuwahi kusikia mtu akimwita vinginevyo.

Kazi yetu ilikuwa kujaribu programu mpya. Unaipa habari za mvua iliyonyesha bara, unaipa kina cha mto sehemu mbalimbali, na unaipa ramani ya miinuko ya ardhi. Baada ya saa kadhaa inakuchorea maji yatakavyotambaa bondeni, mahali yatakapofika na lini. Tulikuwa tukiijaribu kwa mafuriko ya zamani ya mto Sabaki, ili kuona kama ingeweza kueleza yaliyokwisha kutokea. Siku ya kwanza kabisa Daktari alitueleza kwamba haya ni mazoezi. Tunachokiona kwenye skrini hakitoki nje ya mlango ule. Kuwatahadharisha wananchi ni kazi ya ofisi nyingine, yenye mamlaka hayo na yenye watabiri wake, na mwanafunzi atakayesambaza ramani mitaani atarudishwa chuoni siku hiyo hiyo. Aliyasema haya bila ukali.

Sikumwambia wakati ule kwamba mimi ni mtu wa Jilore, kijiji cha kando ya mto huo huo. Mama yangu alikuwa akiishi huko peke yake tangu baba afariki, upande wa chini, shamba lake likiteremka hadi ukingoni mwa mto. Alipanda mahindi, migomba na mchicha, na alifuga mbuzi wachache na kuku. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, na jiko lake la makuti pembeni.

Masika yalipoanza, mvua kubwa ilinyesha bara na kidogo sana kwetu. Ndivyo ulivyo mto ule, mbingu ya Jilore inaweza kuwa nyeupe huku maji yakija. Daktari alituruhusu tuingize mvua ya wiki ile kwenye programu, kama zoezi, tuone itasema nini. Niliiacha ikifanya kazi nilipotoka jioni, na asubuhi nikakuta ramani imekamilika.

Nilikuza sehemu ya Jilore kwanza, kama mtu anayetafuta uso wake kwenye picha ya darasa. Buluu ilikuwa imejaa. Ilifunika shamba, ikafunika nyumba, ikapita nyumba na kwenda mbali zaidi ya mahali ambapo maji yaliwahi kufika nikiwa mtoto. Programu ilisema maji yatafika kesho yake jioni.

Nilikaa nikiitazama. Kisha nikaona kitu kingine. Katikati ya buluu ile, nyuma ya nyumba za upande wetu, kulikuwa na kisiwa kikavu, kikubwa, mfano wa kilima. Lakini pale hapana kilima. Pale ni bonde, tena bonde la chini kuliko mashamba yenyewe, na njia ya kutokea barabarani inapita ndani yake. Nilikwenda shule kwa njia ile miaka yote ya msingi.

Nilimwita mwenzangu. Alisogeza kiti chake, akatazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninaijua ile njia nikiwa nimefumba macho. Hakubisha. Alisema tu kwamba basi hapana budi kumwita Daktari.

Daktari alikuja akiwa bado na mkoba wake begani. Nilimwonyesha yote kwa pamoja, labda kwa kasi kupita kiasi.

"Mama yangu anaishi hapa," nikasema, nikiweka kidole kwenye skrini.

Aliinama karibu na skrini. "Na hapa pakavu ni wapi?"

"Hapo ndipo penye tatizo, Daktari. Hapo hapana kilima. Ni bonde la mikorosho."

"Basi ramani imekosea."

"Imekosea hapo."

"Utajuaje kwamba imekosea hapo tu?"

Nilimwomba ruhusa nimpigie mama simu. Alivuta kiti akaketi karibu nami, na alichoniuliza bado kinanirudia hadi leo.

"Ukimpigia mama yako, jirani yake atapigiwa na nani?"

Akaeleza taratibu. Nikimwambia mama, mama atamwambia jirani, na kabla ya adhuhuri Jilore nzima itajua kwamba kuna msichana wa maabara amesema maji yanakuja. Maafisa wataulizwa, nao watakana kwa kuwa hawajui lolote. Na habari zikiwafikia maafisa pamoja na ramani hii, watawaambia watu wakimbilie kwenye kile kilima. Mtu wa Jilore ukimwambia akimbilie kwenye bonde la mikorosho atakucheka, na akishakucheka hatakusikiliza tena, hata ukimwambia ukweli mtupu. Alitupa muda mpaka alasiri tutafute kosa limetoka wapi. Tulipate tusilipate, ataingia kwa mkurugenzi na tulicho nacho.

Hivyo tukaanza. Nilikagua habari za mvua mstari kwa mstari, mwenzangu akakagua vipimo vya mto. Vyote vilikuwa sawa. Katikati ya kazi simu yangu ikalia, na alikuwa mama. Alitaka nimnunulie dawa ya kuku nitakapokwenda mwisho wa wiki, ile ya matone, kwa sababu ile inayouzwa Malindi alisema haifai.

Nilitoka nikasimama barazani. Nilimuuliza mto ukoje.

"Mto uko mahali pake. Kwani una nini?"

Nikasema nimeuliza tu. Nikauliza kama mvua imenyesha, akasema hata tone, jua ni kali na amemwaga mahindi uani yakauke. Kisha akaniuliza mbona sauti yangu iko vile. Nikamwambia nimechoka. Alinipa pole, akaniambia nile vizuri, akakata. Nilibaki na simu mkononi nikiwa najua zaidi yake kuhusu uwanja wa nyumba yake mwenyewe, au nikidhani najua, na sikuthubutu kusema neno.

Niliporudi ndani mwenzangu alikuwa ameweka ramani mbili za miinuko ubavu kwa ubavu, moja tuliyokuwa tukiitumia na nyingine ya zamani iliyopimwa kwa mkono. Ile ya zamani ilikuwa na mapengo mengi, ila kwenye bonde letu ilikuwa na vipimo vichache. Aliuliza bila kugeuka.

"Dada, hiyo mikorosho ni mirefu?"

"Ni ya tangu enzi za babu. Ndani yake mchana huoni jua."

"Basi setilaiti haikuona ardhi. Imeona vilele vya miti, ikadhani ndiyo ardhi."

Tulitazamana. Lilikuwa jambo jepesi kiasi hicho. Mikorosho ilikuwa imeota bondeni kwa wingi na kwa kushikana, na kutoka juu ilikuwa imelijaza bonde hadi likaonekana kilima. Programu haikuwa na kosa. Ilikuwa imedanganywa kuhusu ardhi, kisha ikafanya hesabu sahihi juu ya ardhi ya uongo.

Tuliishusha ardhi ile mpaka kwenye vipimo vya mkono, tukapitia pia sehemu nyingine zenye miti mikubwa kando ya mto, tukaanzisha hesabu upya. Haikupita muda stima ikapotea.

Jenereta iliwaka, kompyuta hazikuzimika, lakini mitambo ya kupoza chumba haikuwemo kwenye laini ya jenereta. Joto likaanza kupanda. Kulikuwa na kifaa ukutani kilichokuwa kikilia kila joto linapovuka kiwango, na kililia mfululizo hadi tukaacha kukisikia. Daktari alisema tukiacha vile zitajizima zenyewe katikati ya hesabu na tutapoteza kila kitu. Akaamua tupunguze kazi: tuache mto wote, tukate kipande cha Jilore peke yake. Tulifungua milango yote, tukaleta feni kutoka ofisi za wengine, na Daktari mwenyewe akasimama mlangoni akipepea kwa kifuniko cha boksi, blauzi yake ya kazini imelowa jasho mgongoni. Mimi nilivua sweta kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile.

Hesabu ilikamilika alasiri ikiwa inaelekea jioni. Kilima kilikuwa kimetoweka. Na kilipotoweka, ikaonekana jambo ambalo ramani ya kwanza ilikuwa imelificha. Maji hayakuwa yakipanda kutoka mtoni peke yake. Yalizunguka kwanza kwa nyuma, yakaingia bondeni, yakaifunga njia, na nyumba za upande wetu zikabaki zimezingirwa kabla hazijaanza kuloa. Anayesubiri kuyaona maji mlangoni kwake hana pa kupitia tena. Kwa hiyo haikuwa kesho jioni. Watu walipaswa kuwa wametoka kesho saa za asubuhi.

Daktari aliichukua ramani ile akaingia nayo kwa mkurugenzi, akatuita sisi tukasimame nyuma yake. Mkurugenzi alikuwa mtu wa tahadhari, aliyebakisha muda mfupi kustaafu. Aliuliza maswali yale yale aliyoniuliza Daktari asubuhi, na safari hii yalijibiwa. Hata hivyo alisita. Alisema watu wakihamishwa na maji yasije, mwakani hawatahama, na lawama itakuwa ya jengo hili. Daktari alimjibu kwamba jina lake yeye mwenyewe, Daktari, ndilo litakaloandikwa kwenye taarifa. Mkurugenzi akapiga simu kwa ofisi yenye mamlaka. Tulimsikia akirudia habari za bonde la mikorosho mara nyingi. Nao kumbe walikuwa wakijua mto utajaa, ila hawakutarajia ujae kiasi kile. Mwisho wakakubali kuwatuma machifu na wazee wa vijiji wapite nyumba hadi nyumba.

Tulipotoka, Daktari aliniambia, "Sasa mpigie mama yako."

Nilipiga nikiwa palepale kwenye korido. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia kwa mashaka, maana tulikuwa tumeshazungumza. Nikamweleza. Nadhani nilimweleza vibaya. Nilitaja kompyuta, nikataja vipimo, nikamwambia uwezekano ni mkubwa sana. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe umeuona mto?"

"Nimeuona kwenye kompyuta, mama."

"Mimi niko hapa nautazama."

Alisema mahindi yake yako uani, mbuzi mmoja ana mimba kubwa, na mzee wa kijiji akija atamsikiliza. Hakukasirika. Alizungumza nami kama mtoto aliyeota ndoto mbaya.

Usingizi wangu haukuwa wa maana. Alfajiri Daktari alinipitia na gari la maabara, akiendesha mwenyewe, na akasema tunakwenda kusoma kipimo cha mto. Nilijua kipimo kile kingeweza kusomwa kwa simu. Tulipita Malindi maduka yakiwa yanafunguliwa, tukashika barabara ya magharibi. Karibu na Jilore tukaanza kukutana na watu: godoro kichwani, mbuzi kwenye kamba, mzee juu ya bodaboda amekumbatia redio. Lakini wengine walikuwa wameketi mbele ya nyumba zao wakiwatazama wanaopita.

Gari lilisimama mahali njia inapoanza kuteremka bondeni. Chini ya mikorosho palikuwa na maji. Yalikuwa membamba, ya rangi ya chai, yakitembea kimya na kubeba majani makavu. Kwa hesabu zetu bado yalikuwa na nusu ya asubuhi nzima kabla ya kufika pale. Daktari aliyatazama, akatazama saa yake. Nilivua viatu nikaingia.

Katikati ya bonde yalinifika magotini. Nilipotokea upande wa pili ardhi ilikuwa kavu na vumbi likinishika miguu iliyoloa. Mama nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda, akijaza mahindi kwenye gunia, bila haraka. Kuku walikuwa wamekwisha kuingizwa tengani, kwa hiyo nusu ya moyo wake ilikuwa imekubali. Alishangaa kuniona. Aliniuliza nimefikaje asubuhi yote ile.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi garini, na sikuyatumia.

"Mama, maji yako kwenye mikorosho."

Aliliacha gunia wazi. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na leso zake na picha ya baba, akafungua kamba za mbuzi. Wakati tunatembea, bila kunitazama, aliniambia: "Jana ungeniambia mikorosho, ningekuelewa."

Tulipofika bondeni maji hayakuwa yale niliyoyaacha. Yalikuwa yakivuta. Mama alijitwika tenga la kuku, mimi nikashika kamba za mbuzi, na tulipofika katikati yalinifika kiunoni. Yule mbuzi mwenye mimba aligoma. Alijikita chini, kamba ikanikata kiganja, na nilipogeuka kumvuta, mguu wangu ukateleza nikazama hadi shingoni. Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka sauti ya mama ikiniambia niachie, kwa utulivu, kisha tena, kwa sauti ambayo sikuijua. Niliachia. Nilipoinuka, mkono ulinishika begani, na ulikuwa wa Daktari. Alikuwa ameingia majini na sketi yake, ameshika mti kwa mkono mmoja. Alitutoa mmoja baada ya mwingine. Mbuzi wengine walitufuata wenyewe wakiogelea. Yule mwenye mimba hatukumwona tena.

Kufikia mchana hapakuwa na uwanja wala jiko la makuti. Nyumba ilisimama hadi kesho yake, kisha kuta zikayeyuka mabati yakalala juu ya matope. Upande wetu hakupotea mtu. Waliochelewa kutoka walitolewa kwa mashua wakiwa juu ya mapaa, na mmoja wao alikuwa yule mzee wa kijiji aliyepita nyumba hadi nyumba akiwahimiza wenzake na kuisahau yake.

Mama alikaa nami chumbani Kilifi mpaka maji yalipokauka. Hatukulizungumza sana. Alifua sweta langu mara nyingi kuliko lilivyohitaji, na alipoona nimerudi kutoka kazini nimenyamaza aliniwekea chakula bila kuuliza. Ardhi ilipofunguka alirudi kupanda, kwa sababu tope jipya lilikuwa limeinenepesha, lakini nyumba alijenga juu, karibu na barabara.

Mafunzo yetu yalipokwisha tulisimama mbele ya watafiti kueleza tulichofanya. Swali la kwanza lilikuwa kwa nini maji yaliwahi kuliko tulivyosema. Mwenzangu alijibu kwamba hatujui bado. Nikamwona Daktari akitikisa kichwa kukubali. Baadaye tulikuja kuona kwamba sakafu ya mto imepanda kwa mchanga wa miaka mingi, na mto wenye sakafu ya juu humwaga mapema. Mwenzangu alirudi chuoni kumalizia. Mimi niliombwa nibaki, tukapime ardhi ya bonde zima kwa miguu, chini ya miti, mahali ambapo setilaiti haioni.

Tulifanya kazi ile kiangazi, tukibeba chombo cha kupimia ardhi. Watu walitupokea, wakatuonyesha maji yalipofika kwenye magome ya miti. Mmoja tu alitukataa. Alikuwa jirani yetu wa juu kidogo, ambaye tangu utotoni nilimwita baba mkubwa. Ramani yetu ilikuwa imeipaka nyumba yake buluu, naye alikuwa mtiifu, alihama na familia yake asubuhi na mapema. Maji hayakumfikia. Wezi walimfikia, wakang'oa mlango, wakabeba pampu yake ya kumwagilia na kila alichokuwa nacho.

Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Aliniuliza habari za mama, akanikaribisha maji ya kunywa. Nilipomweleza kilichotuleta, aliweka mkono kwenye nguzo ya boma lake na kuniambia kwamba ninaweza kukaa kwake kadiri nipendavyo, lakini kile chombo kisivuke pale. Nilijaribu kumwomba radhi. Akasema hana ugomvi nami.

Tulipima kulizunguka shamba lake. Kwenye ramani mpya, iliyo sahihi kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, lipo bado, limeachwa jeupe.